Meli zisizo na nahodha na sheria ya Ziwa Victoria: barua ya wazi kwa TASAC na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Dar es Salaam. Na kwa Katibu Mtendaji, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu.

Kutoka Bukoba na Muleba, Mkoa wa Kagera.

Meli inayojiendesha ni chombo ambacho kazi za nahodha, za baharia wa zamu na za fundi wa mitambo hufanywa, zote au baadhi, na kompyuta iliyomo ndani yake au na mtu aliyeketi kwenye kituo cha nchi kavu. Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilianza kulichambua jambo hili rasmi mwaka 2017, na uchambuzi uliokamilika Mei 2021 uliziweka meli hizi katika ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni meli yenye mabaharia wake wanaosaidiwa na mitambo kufanya uamuzi. Ya pili huongozwa kutoka mbali huku mabaharia wakiwa bado ndani. Ya tatu huongozwa kutoka mbali ikiwa haina mtu, na ya nne hujiamulia yenyewe. Chombo kimoja kinaweza kupita katika ngazi kadhaa ndani ya safari moja: kikaondoka gatini na nahodha wake, kikavuka maji mapana chini ya kompyuta, kikaingia bandari ya pili kikiongozwa na mtu aliye mbali. Ugumu wa sheria unaanzia hapo, kwa sababu sheria za usafiri wa majini zimejengwa juu ya mtu mmoja anayeweza kutajwa kwa jina tangu nanga inapong'olewa mpaka inaposhushwa tena.

Vyombo vya namna hii vimekwisha kuelea. Desemba 2018 kivuko Falco kilisafiri chenyewe kati ya Parainen na Nauvo nchini Ufini, abiria waalikwa wakiwa ndani. Yara Birkeland, meli ya umeme yenye urefu wa mita 80 na nafasi ya makontena 120, ilianza kazi ya biashara nchini Norway mwaka 2022, ikiwa bado na mabaharia wakati mifumo yake ikijaribiwa. Japani ilifanya majaribio ya meli ya makontena na ya kivuko kikubwa mwaka huohuo. Katika Ziwa Victoria, meli ya Bukoba na Mwanza ingali na nahodha wake na mabaharia wake, lakini anga la ziwa hili limetangulia maji yake: mwaka 2018, katika mradi wa DHL na GIZ, ndege ya Wingcopter isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Ziwa lililokwisha kupitiwa na chombo cha angani kisicho na mtu litaletewa na cha majini. Chombo hicho hakitakuwa meli ya abiria kwanza. Kwa kila dalili kitakuwa boti ndogo ya kupima kina cha maji mbele ya gati, au tishali la mizigo, na kitaingia kimyakimya kwa kibali cha kawaida kama hakuna kanuni inayokitaja.

Hoja kuu inayowekwa mbele ya mamlaka hizi mbili ni kwamba sheria inayoandikwa na IMO huko London kwa ajili ya bahari haitalifikia Ziwa Victoria kwa nguvu zake yenyewe. Ratiba ya IMO ilipanga msimbo wa hiari wa meli zinazojiendesha upitishwe Mei 2026, na msimbo wa lazima uanze kutumika tarehe 1 Januari 2032. Ni rahisi kwa ofisi yoyote kusubiri tarehe hizo kisha kuingiza msimbo huo kama ulivyo. Kwa bandari ya Dar es Salaam au Tanga utaratibu huo una mantiki. Kwa bandari za ziwani za Kemondo na Bukoba unaacha pengo. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinahusu bahari kuu na maji yote yaliyoungana nayo ambayo meli za baharini zinaweza kuyapita. Ziwa Victoria halimo. Hakuna meli ya baharini iwezayo kuupanda Mto Nile mpaka Jinja. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ilijengwa Scotland, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu. Kwa hiyo kila kanuni ya kimataifa inayotumika ziwani inatumika kwa sababu sheria ya nchi au ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiita, na isipoitwa haipo.

Sheria zenye uzito hapa ni mbili: Sheria ya Meli za Biashara ya Tanzania ya mwaka 2003, na Sheria ya Usafiri katika Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2007, iliyotungwa ili Kenya, Tanzania na Uganda ziwe na utaratibu mmoja wa usalama. Zote mbili zilitungwa kabla suala hili halijafika hata mezani pa IMO.

Pengo la kwanza ni nahodha mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 94, unaitaka nchi ya bendera ihakikishe kila meli iko chini ya nahodha na maafisa wenye sifa. Mkataba wa mwaka 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia unawahusu wale wanaotumikia ndani ya meli. Mtu anayeiongoza kutoka chumba cha kompyuta nchi kavu hajatajwa. Je, huyo ni nahodha? Akiongoza matishali matatu kwa wakati mmoja, ni nahodha wa yote matatu? Zamu yake ikiisha saa nane usiku na mwenzake akaketi kitini pake, unahodha umehama saa ngapi, na nani alishuhudia?

Kagera haiyatazami maswali haya kama mazoezi ya darasani. MV Bukoba, meli yenye uwezo wa abiria 430, ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, na watu zaidi ya 800 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na vifo vikafika 228. Rais John Magufuli aliliambia taifa kwamba kwa taarifa alizozipata, nahodha hakuwamo na usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo. Katika misiba yote miwili swali la umma lilikuwa hilohilo: nani alikuwa na dhamana ya chombo saa ile? Kwa meli isiyo na mtu, jibu linaweza kugawanywa kati ya mwenye meli, aliyeikodi, aliyetengeneza programu, aliyeuza kamera na kampuni ya mtandao, mpaka kila mmoja abaki na sehemu ndogo isiyotosha kumfikisha mahakamani.

Kwa hiyo TASAC inaombwa kuweka katika kanuni zake sharti lisilo na mlango wa pembeni: kila chombo kinachoelea upande wa Tanzania wa ziwa, kiwe na mtu ndani au kisiwe naye, kiwe na mtu mmoja aliyesajiliwa kuwa nahodha wake kwa kila saa ya safari, mwenye cheti, anayeongoza chombo kimoja tu kwa wakati mmoja, na aliyeko mahali ambapo polisi na mahakama za nchi zinaweza kumfikia. Sharti la mwisho ni la lazima. Kituo cha uendeshaji kinaweza kuwekwa Mwanza, Kampala, Dubai au Oslo na kompyuta isihisi tofauti. Mjane wa kisiwa cha Ikuza, Muleba, ataihisi.

Jambo la pili ni la macho, na hapa ziwa linatofautiana na bahari kuliko penginepo pote. Kanuni ya 5 ya zile za mwaka 1972 inadai ulinzi wa kuona na kusikia wakati wote. Wanasheria wamebishana kama kamera na vipaza sauti vinaweza kuhesabiwa kuwa macho na masikio, na mwelekeo wa mjadala ni kukubali, mradi mitambo isipungukie uwezo wa baharia makini. Kipimo hicho kinafaa pale ambapo chombo kinachotazamwa nacho kina taa, rada na kifaa cha kujitambulisha. Katika maji ya Muleba, kati ya bara na visiwa vya Bumbire, Kerebe, Ikuza na Goziba, sehemu kubwa ya vyombo ni mitumbwi ya mbao. Mbao hurudisha mwangwi dhaifu wa rada, na mtumbwi uliojaa mzigo huinuka kidogo sana juu ya maji. Wimbi la wastani linaweza kuuficha wote. Kifaa cha kujitambulisha hauna. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa zao juu ya maji, nyingi kwa pamoja, na kompyuta iliyofundishwa kutambua taa nyekundu na kijani za ubavuni pa meli itaona mamia ya nukta nyeupe zisizo na maana ya kisheria. Mvuvi wa sangara naye huenda amezima tochi yake ili aokoe betri, akisubiri alfajiri avute nyavu.

Nahodha wa Bukoba na Mwanza anayajua hayo. Anajua msimu ambao taa huwa nyingi, anajua zinakoelekea kukusanyika, na akiona taa moja ikitikiswa kwa haraka anaelewa kwamba kuna mtu anayeomba asigongwe. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote cha kanuni, lakini sheria ya bahari imeutambua muda mrefu pale inaposema kwamba kufuata kanuni hakumwondolei baharia wajibu wa kuchukua tahadhari ambazo kazi ya kawaida ya ubaharia inazidai. Mfumo uliofundishwa kwa picha za maji ya Norway hauna ubaharia wa Ziwa Victoria. Ndiyo sababu kibali chochote kinapaswa kutanguliwa na majaribio katika maji haya haya, usiku, msimu wa dagaa, mitumbwi halisi ikiwapo, na matokeo yake yasomwe hadharani mialoni, kuanzia Nyamkazi mjini Bukoba hadi Kyamkwikwi na visiwani. Vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo vimekwisha kuwekwa mialoni, viwe na kauli katika kuchagua njia ambazo vyombo hivyo vitapita.

Lipo pia kosa ambalo ni rahisi sana kulifanya: kumhamishia mvuvi mzigo. Kanuni inaweza kuandikwa kwamba kila mtumbwi lazima uwe na kifaa cha kujitambulisha, na tangu siku hiyo mtumbwi usio nacho ukigongwa, lawama iwe ya mwenye mtumbwi. Mtambo uliokuja wa mwisho ziwani ndio unaopaswa kubeba gharama za kuwaona waliotangulia. Kama vifaa hivyo vinatakiwa, mwenye meli avilipie. Chombo kisicho na mtu nacho kitambulike kwa mbali: kiwe na taa ya rangi yake isiyotumiwa na chombo kingine, na honi, na sauti ya onyo kwa Kiswahili, kwa kuwa visiwa vya Muleba vina Wahaya, Wakerewe, Wasukuma, Wajita na wengine, na onyo la Kiingereza kwenye redio ya meli halimfikii mtu aliye na kasia mkononi.

Suala la mawasiliano kukatika litajwe hapa kwa ufupi. Watengenezaji wengi hupanga kwamba kiungo kikikatika, chombo kisimame salama. Kati ya visiwa vya Muleba, dhoruba ikivuma, chombo kilichozima injini kinasukumwa kuelekea kwenye miamba au juu ya nyavu za watu. Kanuni itaje bayana chombo kifanye nini katika kila eneo la njia yake, badala ya kuridhika na maneno "hali salama".

Wajibu wa kuokoa ndio ulio mzito kuliko yote. Sheria ya bahari inamtaka nahodha amsaidie yeyote aliye hatarini majini, almradi haihatarishi mno meli yake. Meli isiyo na mtu haina mkono wa kumnyanyua mtu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 walikufa. Kama meli za mizigo zinazopita pale mbele zitakuwa tupu, idadi ya watu wawezao kusaidia ziwani itapungua kila meli moja inapobadilishwa, na mzigo wote utawarudia wavuvi haohao. Sharti la chini liwe kwamba chombo cha namna hii kiweze kumtambua mtu aliye majini, kikatize safari, kitoe ishara, kiangushe maboya na mashua ya kujaza upepo, na kitume mahali kilipo moja kwa moja kwenye kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji cha Mwanza, kilichopangwa chini ya mradi wa nchi za ziwa uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Michoro ya ndani ya chombo nayo iwekwe kituoni hapo kabla ya safari ya kwanza, ili waokoaji wasikate chombo bila kujua muundo wake. Mwaka 1996 bodi ya MV Bukoba ilitobolewa ili kuwatoa waliokuwa hai ndani. Hewa iliyokuwa ikiiwezesha kuelea ikatoka, na meli ikazama.

Fidia na ushahidi vinakwenda pamoja. Mvuvi aliyekatiwa nyavu usiku na meli yenye mabaharia ana watu wa kuwataja na wa kuwahoji. Aliyekatiwa na meli tupu hana shahidi hata mmoja. Kila kilichoonekana kimo katika kumbukumbu za kompyuta za mwenye meli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo kupokewa mahakamani, lakini kupokewa ni hatua ya baadaye. Kwanza mdai anapaswa kuupata. Kanuni ziseme kwamba picha, sauti na amri zote za safari zihifadhiwe kwa muda uliotajwa, nakala yake itumwe kwa mdhibiti papo hapo ajali inapotokea, na mdai apewe bila malipo. Zikikosekana, mahakama ichukulie kwamba kosa ni la mwenye meli. Zaidi ya hapo, mwenye chombo awajibike kwa madhara ya chombo chake bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Baadaye yeye mwenyewe atadaiana na mtengenezaji wa programu, kwa wakati wake na kwa fedha zake. Bima ya wajibu huo iwe sharti la kupata kibali. Kamera zinazopiga picha za mialo mchana na usiku zinagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha hizo zisigeuzwe kitu cha kuuzwa. Uchunguzi wa ajali usifanywe na ofisi iliyotoa kibali.

Mpaka nao una swali lake. Mstari wa Tanzania na Uganda ziwani unafuata latitudo ya digrii 1 kusini, uliochorwa katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, nao uko chini ya kilomita 40 kaskazini mwa gati ya Bukoba. Majini hakuna alama yake. Tishali linalotoka Port Bell kuelekea Kemondo huuvuka likiwa katika mwendo, na kama Uganda inaruhusu ngazi ya tatu wakati Tanzania inaishia ya pili, sheria ya chombo hubadilika katikati ya maji bila kuwapo mtu ndani wa kuifuata. Mei 2005 meli ya Uganda MV Kabalega ilizama ziwani baada ya kugongana na mwenzake MV Kaawa. Zote zilikuwa na manahodha na zote zilikuwa za nchi moja. Mgongano wa vyombo viwili vya nchi mbili, kimoja kikiongozwa kutoka nchi ya tatu, hauna leo utaratibu uliotungwa mahususi kwa ajili yake. Hiyo ni kazi ya Kamisheni: kuandaa kanuni ndogo chini ya sheria ya mwaka 2007, ili nchi tatu ziwe na ngazi zilezile, taa zilezile, vyeti vinavyotambuliwa pande zote, na utaratibu wa kumkabidhi mtuhumiwa kwa nchi ambayo madhara yametokea.

Mifano ya kuanzia ipo karibu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania imekuwa na kanuni za ndege zisizo na rubani tangu mwaka 2018, zenye usajili, vibali na mipaka ya mahali pa kuruka. Uingereza, kupitia msimbo wake wa boti za kazi ulioanza kutumika Desemba 2023, iliziwekea masharti boti zisizo na mtu zenye urefu wa chini ya mita 24 kabla ya kuzigusa meli kubwa. Korea Kusini ilianza kutumia sheria yake maalumu Januari 2025, na imeijenga juu ya maeneo ya majaribio. Njia hiyo ya Waingereza, ya kuanza na kidogo, ndiyo inayolifaa ziwa hili: kibali cha muda kwa boti za upimaji na matishali tu, mchana, katika ukanda uliotangazwa mialoni, chombo cha kusindikiza chenye watu kikiwa karibu. Meli za abiria za Bukoba na Mwanza, MV Victoria yenye nafasi ya watu 1,200 na MV Mwanza yenye idadi kama hiyo, zibaki na manahodha na mabaharia wake kamili, na hilo liandikwe kwenye sheria yenyewe, lisiachwe kwenye hiari ya mwenye meli anayetafuta kupunguza mishahara. Kibali cha majaribio kiishe baada ya muda wake, na kisiongezwe mpaka taarifa ya matukio yote, pamoja na yale ambayo mtumbwi ulikoswakoswa tu, isomwe mbele ya wavuvi wa Muleba na Bukoba na majibu yao yaandikwe katika jalada la maombi.